Kable ya buluu iliyofunga valizi yako

Yaya Wilondja,

Usicheke kwanza, kaka yangu. Ngoja nimalize, ndipo ucheke huko uliko.

Mi bado niko Baraka, bado mwerevu kuliko wewe, na kituo cha afya bado kinatumia mtandao uliotuachia. Antene iko palepale juu ya paa. Swichi yako, lile sanduku linalokutanisha waya zote, iko palepale ukutani bironi, mle ofisini, na vumbi nalipangusa kwa sababu najua ungeuliza. Shefu wa kituo alitaka kuleta fundi kutoka Uvira, mwenye diploma. Nikamwambia, "Ya nini? Si niko mi?" Shule niliiacha njiani, lakini mdomo niliuendeleza, unajua.

Shida ilikuwa simu za uwanjani, hapo mbele ya kituo. Wanaouguza ndugu zao wanakaa pale wakitazama mpira kwa mtandao wetu, na Mama Riziki, mkunga wetu, akimpigia munganga wa Fizi, daktari wa hospitali, kwa mtandao huohuo, sauti inakatika. Siku moja aliuliza habari ya mama aliyekuwa anatoka damu, simu ikafa munganga akiwa katikati ya jina la dawa. Yule mama alipona, lakini Riziki aliniangalia kama mi ndiye niliyemtoa damu. Shefu akasema, "Ukishindwa wiki hii, naita mutu ya Uvira."

Basi nikaiandikia swichi orodha ya ruhusa. Mstari mmoja tu: simu za uwanjani zisipite. Nikaubandika kwenye milango yote ya swichi, kila tundu la waya, maana mi sifanyi kazi nusu. Na nikahifadhi palepale. Ndiyo, Yaya, nilihifadhi kabla ya kujaribu. Ulishaniambia hadi ukachoka: "Jaribu kwanza. Ukikosea bila kuhifadhi, unazima, unawasha, inasahau."

Mpira ukanyamaza, nikacheka. Halafu simu ya Riziki ikanyamaza. Maabara. Famasi. Mwishowe ordinatere yangu mwenyewe, kompyuta ninayoiandikia swichi. Swichi ikanikataa mi, bwana wake! Nikazima, nikawasha. Haikusahau kitu.

Hapo nikaikumbuka harusi ya dada yako. Vijana wa protokole, wapokea wageni, wako mlangoni na karatasi yao, wewe ukanivuta sikio: "Ona, kichwa-nguvu. Swichi inasoma toka juu. Ikikuta mustari inakuhusu, inaishia pale. Huyu kijana, ukimuandikia tu 'muzee mulevi asiingie', bengine atabaingiza, sababu iko na akili. Swichi hapana. Chini ya karatasi yake kuko mustari haionekane: asiyetajwa, arudi. Hata bibi-harusi atarudi kwao!" Nilicheka sana juu ya bibi-harusi. Ule mstari usioonekana niliuacha kwenye sahani ya nyama, sikuushika.

Dawa ilikuwa moja: kable yako ya buluu, waya ule unaoingia kwenye tundu lake peke yake, pale ambapo orodha haimuulizi mtu. Nikaenda kuitafuta kwa mke wako. Yaya, Mama Furaha alikuwa ameitumia kufunga valizi, lile begi kubwa la nguo zako.

Hayo wewe hukuyashuhudia. Tulipomaliza matanga, ndugu zako wa Ubwari walitaka nguo zigawanywe kama kawaida. Akasema bado. Akaifunga valizi na kitu cha kwanza mkono wake ulichokuta. Walirudi tena, wakapanda boti mikono mitupu. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nikasema, "Mama Furaha, naomba ile kamba."

"Kamba gani?"

"Ya valizi. Munganga wa Fizi hapatikane."

Nilingojea kandambili ya kichwa. Akanisogezea valizi. "Ile kitu alikuwa anavaa mu mukono kama bangili," akasema. "Fungua weye. Mi siwezi."

Nikafungua. Fundo lake lilikuwa gumu, nikatumia meno. Valizi ikajifungua yenyewe, harufu yako ikatoka, ya sabuni na ya samaki wa kukausha.

Nikarudi, nikachomeka kable kati ya ordinatere na swichi, nikaandika mistari miwili: simu za uwanjani, hapana. Chini yake: wengine wote, wapite. Nikajaribu. Riziki akapiga Fizi, munganga akaitika mdomo umejaa ugali, na kila tonge tulilisikia. Ndipo nikahifadhi.

Uwanjani wakanipigia kelele: "We mutoto, mpira iko wapi?" Nikawaambia sheria ni ya Yaya Wilondja, wamuulize yeye. Nisamehe. Shefu hataji tena Uvira.

Nilipoirudisha kable, Mama Furaha akasema, "Baki nayo. Valizi haifungwe tena." Jumapili ndugu zako walikuja, akagawa mwenyewe. Mi nimepata shati la mirabaraba. Linanitosha kila mahali isipokuwa pale ulipoweka tumbo.

Pumzika, Yaya. Nakuahidi, Riziki akipiga Fizi, Fizi itaitika. Na nitajaribu kabla ya kuhifadhi, hata siku nikiwa na haraka ya kujisifu. Kable naivaa mkononi kama wewe. Kwako ilikuwa inazunguka mara mbili, kwangu inazunguka mara tatu na bado inateleza.

Sasa unaweza kucheka.

Mdogo wako wa waya,
Asukulu