Maji ya Chini ya Kiwanda Chako

Kaka yangu,

Salamu zako zimefika. Mvua imenyesha wiki nzima, na kile kijito kilichokuwa kinachuruzika tu kiangazi chote sasa kinafika magotini. Vyura wamerudi. Jana nilipima usafi wa maji yake, kama ilivyo kazi yangu, nikakuta yanaanza kutakata. Uchafu wa kiwanda chako cha ngozi umesukumwa kwa watu wengine huko chini. Watoto wako hawajambo. Mkeo anawanywesha maji ya chupa.

Umeuliza hali ya mama. Maji yalipopungua, dawa zako za kusindikia ngozi zilituama pale pale anapochota. Nilimpelekea madumu ya maji ya bomba, akayamwagia maua.

"Mwanangu hawezi kunitilia sumu," aliniambia. "Wewe una kijicho tu."

Akachota kijitoni, akanywa huku akinikazia macho. Aliendelea hivyo mpaka tumbo likamlaza kitandani.

Tumemzika Jumanne. Sikukupigia simu, na mkeo nikamzuia, kwa sababu ungekuja kulia na watu wangekupa pole.

Mwishoni alijua. Daktari alimweleza maji yale yamemfanya nini. Alinishika mkono akanisihi, "Usimwambie kaka yako. Hataweza kuishi nalo."

Nikamjibu, "Sawa, mama." Akafumba macho, ametulia.

Barua hii nimeianza kabla udongo wa kaburi lake haujakauka.

Ni mimi mdogo wako, uliyebaki naye.