Mama Bitota na Filamu za Jumamosi

Jumamosi, 1 Machi 1975
Filamu ya mapenzi leo. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Mimi kama kawaida kando ya shuka jeupe la kuonyeshea picha, nageuza Kifaransa kuwa Kiswahili — mara mimi msichana, mara baba yake mkali, mara mbwa. Benchi la mbele: Tshiela wangu na mama yake, Mama Bitota. Kwenye filamu baba akakataa katakata binti yake kuolewa na kijana wa kabila lingine. Shetani akanishika. Nikamfanya baba akubali! Nikampa na baraka ndefu, huku namtupia Mama Bitota jicho.

Akasimama, akauambia ukumbi mzima: «Miye Kifaransa sijue. Lakini sura ya muzazi mwenye kukatala, ile naijua.» Watu walicheka mpaka Léon, mwendesha mashine ya filamu, akaisimamisha.

Jumapili, 2 Machi
Tshiela kanikuta bandarini. Mama yake anauliza: huyu anayesemea watu wote gizani, mbona yake hayasemi? Tena mimi Mwislamu wa Kindu, na wao Wakatoliki wa Kasai. Kweli. Nampenda Tshiela mwaka wa pili huu, na domo lote hili, mbele ya mama yake nakuwa bubu. Aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemtuma baba mdogo Masudi kwao kuniposea, na kuku wawili. Mama Bitota kapokea kuku. Neno la mwisho, kasema, ni la kaka yake aliyeko Kananga, atamwandikia. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Sijala.

Jumatano, 12 Machi
Msiba. Nimemkuta Mama Bitota sokoni, ananunua sombe, majani ya muhogo. Kuniona tu — kajifunika kitambaa usoni, kapenya katikati ya wauza samaki, nusura aangushe beseni la mtu. Sombe kaiacha pale pale. Ananichukia kiasi hicho!

Alhamisi, 13 Machi
Nimemweleza Léon wa mashine. (Tangu serikali ikataze majina ya Kizungu karatasi zake zinasema Mukuna, sisi bado Léon.) Naye mtu wa Kasai. Alicheka mpaka akakaa chini.

«Weye mujinga. Kwetu mama mukwe hawezi kuonana macho na mukwe wake. Anakukimbia juu ya heshima.»

Basi moyoni kashanikubali! Bado mjomba tu — akikataa, Léon anasema, imekwisha. Nimeimba njia nzima. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka: Jumamosi je? Hakuna kitu anachopenda kama filamu, na mimi ndiye nasimama mbele. Nimemnyang'anya sinema yake.

Jumamosi, 15 Machi
Barua ya Kananga bado. Naandika hapa kando ya shuka, Léon anabadilisha bobini, gurudumu la filamu. Benchi la mbele, Tshiela peke yake. Filamu kali: mama kamfukuza mwanawe, mwana karudi mgonjwa. Nilipofika kwenye kilio cha mama — mtu akapenga kamasi. Nyuma ya shuka! Huko ambako picha inaonekana kinyume.

Nimemwuliza Tshiela ni nani. Akasema polepole: «Mama alileta kiti tangu saa kumi. Usiangalie.»

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye pindo la shuka. Nimeuondoa. Nimesogea hatua mbili mbali na shuka, nisije nikamwona. Léon ananiita, bobini iko tayari, na mimi sijui huyu mama wa filamu nitamsemeaje —