Mikate Isiyofika

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumatano jioni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo? Na kile kifua je? Barua yako inasema u mzima kabisa, lakini wewe tangu utotoni huugua ukificha, kwa hiyo nimeamini nusu. Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi tu, na shemeji yako anakoroma kama ulivyomwacha.

Nina jambo linaniwasha, acha nikutapikie. Unakumbuka nilivyokuwa nikilalamika kwamba mikate inayobaki dukani hutupwa jaani? Unajua kila mwokaji hukata donge lake kwa alama yake, ili bosi ajue nani kaunguza. Yangu ni mikato miwili ya mshazari. Basi alfajiri naikanda, jioni naiona na mikato yangu imelala juu ya maganda ya mayai. Roho iliniuma sana.

Hatimaye bosi alikubali tubadilike. Mikate mizima ikawa inapelekwa kituo cha wazee, pale Mama anaposhinda mimi nikiwa kazini. Iliyovunjika anachukua mfuga kuku. Mifuko ya nailoni tunaiosha na kuianika kambani, wanakuja kuichukua wale wanaoyeyusha plastiki. Mpita njia hudhani tumefua.

Nilifurahi kwamba Mama atakula jasho la bintiye. Lakini kila nikimuuliza kama leo kapata mkate, ananijibu, "Mkate gani? Nimekunywa chai kavu." Kesho yake chai kavu. Keshokutwa chai kavu.

Nikaanza kumchunguza dereva wetu, tunamwita Kimya. Mtu gani hasemi? Tumbo linaongezeka. Viatu vipya. Tena siku hizi anapiga mluzi, na mtu asiyesema akianza kupiga mluzi, ujue kuna kitu anakula. Nikamvizia akipakia, akaniamkia kwa adabu. Ile adabu ndiyo ilinitia wasiwasi zaidi. Nilifikiri kumuuliza msimamizi wa kituo, nikaona huenda naye yumo. Nikaenda kwa bosi nikamwaga mtama.

Bosi wetu ni mwepesi wa kuamini mabaya, kama mimi. Kimya kasimamishwa, Ijumaa asipojitetea afungashe virago. Na tangu juzi mikate yote imerudi jaani. Kimya alinitazama tu, hata kuapa hakuapa. Nikasema moyoni, umepatikana.

Leo nilikuwa na mapumziko, nikafagia chumba cha Mama. Nikaona sisimizi wameshika njia kutoka mlangoni hadi kwenye sanduku lake la nguo. Nikafungua. Chini ya mashuka, mikate. Mingine imekauka kama mawe, mingine imeota ukungu, kila mmoja umefungwa vizuri kwa karatasi safi, na kila mmoja una mikato yangu miwili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakitafuta kwenye gari la watu.

Nilikaa kitandani kwake nikalia, sijui kwa aibu au kwa huruma. Aliporudi nikamuuliza. Hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Usiwape watu. Hiyo ya kitinda. Kasema anakuja Jumamosi, na safari ile atafika na njaa."

Jumamosi ipi, mdogo wangu? Mikate ya chini kabisa imekuwa ya kijani.

Sasa shaka yangu imemhama Kimya, imekuja kwako. Wewe ndiye unayempigia Mama simu mimi nikiwa kazini. Unamwambia nini? Nahisi unasema Jumamosi ili afurahi, kisha ukikata simu umesahau. Yeye hasahau. Anakunywa chai kavu, fungu lake anakuwekea wewe. Amekonda, nami nilidhani ni uzee.

Kesho nampelekea bosi mkate mmoja wa sandukuni, niliouchomoa kabla Mama hajarudi, nimwombe amrudishe Kimya kazini na wazee warudishiwe mikate yao. Kisha nitamwomba Kimya radhi mbele ya wote. Akinyamaza nitavumilia, nimeyataka mwenyewe. Ila vile viatu bado sijavielewa.

Nilitaka kuitoa ile mikate, Mama kakataa. Sasa sanduku kalitia kufuli, ufunguo kaufunga kwenye ncha ya leso na kalala nao.

Shemeji yako anakusalimu, dada yetu wa kati na wanawe pia, na jirani fundi viatu anauliza kama bado unakanyaga upande. Mungu akulinde kazini na njiani, akufungulie na barabara ya kurudi kwetu.

Lakini usimwambie tena Mama Jumamosi. Ama uje, ama umwambie ale.

Wako akupendaye, ingawa leo sikuamini,
Dada yako