Kura ya Jumapili

Alhamisi, 14 Agosti. Miaka sita na miezi miwili tangu nitoke nyumbani, Uvira.

Leo tulikuwa tunabandika vigae kwenye korido ya chuo, Doornfontein, na mlango wa darasa ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa anaeleza habari za Wagiriki wa zamani. Alisema raia wa Athene waliandika jina la mtu kwenye kipande cha chungu. Likiandikwa na wengi, mtu huyo alifukuzwa mjini miaka kumi, bila kosa wala kesi.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na wageni?"

"Wageni walilipa kodi na kupigana vita. Kura hawakuwa nayo." Akaongeza kwamba hata Wamarekani walioandika kuwa watu wote ni sawa walikuwa na watumwa nyumbani.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti palepale nje, nasikia kila neno. Nikavunja vigae viwili.

Jumapili wapangaji wa jengo letu, Yeoville, watapiga kura kama sisi wageni tubaki au tuhame. Tumeambiwa tusubiri nje. Bomba la ghorofa ya tatu nililitengeneza mimi, bure.

Jioni nilimuuliza Mama Thandi, mwenyekiti wa wapangaji, atanyoosha mkono upande gani.

"Eish, baba, usiogope," akasema. "Ni kura tu."

Hakunitazama.

Mke wangu kule Uvira nilimwambia anitarajie Krismasi. Wakitukataa, nitaanza safari ya kurudi Jumatatu.