Muia, Kaa na Kitabu Chako

Ni mwaka mmoja sasa, Muia, tangu ile pikapu yako kuukuu ya Peugeot ikose mtu wa kuisemesha asubuhi.

Tusidanganye watu hapa: ulikuwa mkali. Mtu akishika spana kabla ya kusoma ulimfokea, hata kama ni fundi mwenye gereji yake. "Kitabu kwanza!" Na wewe ulikuwa seremala tu. Gari hilo lilitengenezwa kabla hujazaliwa, na ulilinunua kuku wakiwa wanatagia ndani, hapo Sarang'ombe, Kibera. Watu walikuambia ukaliuze kwa kilo. Wewe ukazunguka mabanda ya vitabu vya mitumba mpaka ukapata kitabu chake cha kulitengeneza. Ukakivisha karatasi ya kalenda kama cha mtoto wa shule, ukaanza kufungua nati moja moja. Kiingereza kilikusumbua. Binti yako Lavender alikuwa anakusomea baada ya chai, nawe unafuata michoro kwa kidole. Mwishowe likanguruma.

Kwa gari hilo mke wako Katunge alileta mboga za kuuza kutoka soko la Kawangware. Kwa gari hilo ulipeleka hospitali wagonjwa wa mtaa wa Soweto West, hata wale waliokucheka.

Ulipotuacha, likakaa. Kisha ndugu yako Urbanus akaamua kusafisha plagi. Akachomoa waya zote nne, akazirudisha, na gari likakohoa moshi kwenye kabureta, likanyamaza. Katunge akarudia kuvuta magunia kwa mkokoteni, mgongo unamuuma. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaanza kupitapita, analipima gari kwa macho.

"Shemeji, kitabu kiko wapi?" Urbanus akauliza.

Katunge akatazama chini. "Nilimwekea kwenye jeneza. Kifuani, chini ya koti."

"Kitabu cha gari?"

"Si ndicho alikuwa anashika kila jioni? Ulitaka nimwekee nini, sufuria?"

Hakuna aliyecheka. Alikuzika nacho kule kwenu Mwala kwa mapenzi tu, na sasa aliamini amezika gari pamoja nawe. Usingizi ukampotea. Mwenye vyuma akaambiwa aje Jumamosi alichukue.

Lakini wewe hukuwa mchoyo, na hilo ndilo lililotuokoa. Ijumaa rafiki yako Okeyo alikuja kutoka Kawangware kumjulia hali Katunge. Alipoelezwa, akapiga makofi.

"Mama Lavender, wacha kulia bana! Muia alinitolea kopi ya kitabu kizima wakati nilinunua gari yangu kama hii. Iko kwa nyumba, chini ya godoro!"

Akaenda akaileta. Lavender akasoma kwa sauti, kama zamani: silinda ya kwanza ya injini hiyo ni ile ya nyuma kabisa, upande wa giaboksi. Urbanus, aliporudisha zile waya, alikuwa amehesabu kutoka mbele, kwenye rejeta, kama tunavyohesabu sote huku mtaani. Akahamisha waya.

"Haya, piga sasa," Okeyo akasema.

Likawaka. Katunge akaketi pale pale kwenye tope na leso yake nzuri, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Usiku huo alilala. Na mwenye vyuma alipofika Jumamosi, akakuta gari limeenda kuchukua sukuma wiki.

Kwa hivyo pumzika, wala usimlaumu mkeo. Kaa nacho hicho kitabu. Sisi tuna kopi, na tumemtolea nyingine jirani yetu Wakoli, ambaye amenunua gari kama lako juzi na tayari mikono inamwasha. Tumemwambia asome kwanza. Tumemfokea kidogo pia, kwa niaba yako.

Wanaokukumbuka ni mke wako Katunge, binti yako Lavender, ndugu yako Urbanus, ambaye siku hizi anahesabu kutoka nyuma, rafiki yako Okeyo, na jamaa wote wa Mwala na Kibera.

Kila asubuhi likiwaka, Muia, tutakukumbuka. Na siku likigoma, tutakukumbuka zaidi.