Kofia ya Mwokaji Haitumwi kwa Posta

Kengele, mdogo wangu,

Kabla sijakugombeza nikusalimu kwanza, maana mama alitulea hivyo. Hujambo? Shemeji hajambo? Na mwanangu, meno yameshatoka yote au bado anakung'ata vidole? Sisi hapa wazima. Mama goti limepungua kuuma, ila mdomo haujapungua. Kila asubuhi ananiuliza kama umeandika. Mimi ni mzima pia, ukiacha kidole nilichojiunguza na pasi, na roho, ambayo nayo imeungua, kama utakavyosoma.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena nikidhani labda nimesoma vibaya. Hivi kweli, Kengele? Mchezo wetu unaonyeshwa jukwaani mara ya mwisho, ule mchezo wa nyimbo tulioucheka tangu ujana, halafu unaniandikia kwamba huji kwa sababu siku hiyo hiyo wifi yako amekukatia tiketi ya mchezo mwingine huko kwenu? Tena unaniongezea kwamba huo wa huko ni mzuri kuliko wetu! Hilo la pili lilikuwa la nini? Huyo wifi yako simjui na sina ugomvi naye, lakini tangu siku ile kila shati linalonikaidi kwenye meza ya pasi naliita kwa jina lake.

Basi nilikwenda peke yangu, Jumapili mchana. Viti vyetu vilikuwa vile vile vya juu, karibu na nguzo. Chako nilikuwa nimeshakishika, kwa hiyo nilikiwekea mkoba, na kila aliyekuja kuuliza kama kuna mtu nilimwambia ndiyo, yupo, anakuja.

Lakini nianzie nje, kwenye foleni, maana huko ndiko nilikokasirikia. Mbele yangu alisimama Msusi. Unamkumbuka, yule mwenye saluni mkabala na duka letu la dobi, tuliyemwonyesha sisi wenyewe mlango wa ule ukumbi. Alikuwa amezungukwa na watu, anawasimulia. Aliwaambia kwamba zamani, mchezo ukiwa bado mchanga, mwigizaji wa Mwokaji, yule mpika keki ya harusi, alipotewa na maneno jukwaani. Shangazi wa bibi harusi amesimama mlangoni, ameuliza kama keki imeiva, na Mwokaji ametoa macho tu, jasho linamtiririka. Ndipo mtu mmoja kutoka viti vya juu akapaza sauti, "Baaado!", watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo waigizaji wakawaachia watazamaji jibu lile. Na mtu huyo, alisema Msusi akijigusa kifua, ni yeye.

Wee! Nilitaka kumvuta kilemba. Siku ile Msusi hata hakujua ukumbi uko mtaa gani. Nilikuwa nimekaa kando yako, Kengele. Sikio langu la kushoto lilivuma mpaka kesho yake. Na wewe wala hukuwa umepanga lolote, mchezo tulikuwa tumeshauona mara kadhaa, ukamwonea huruma yule baba wa watu, neno likakutoka. Nilimwambia Msusi kwamba sivyo ilivyokuwa. Alinitazama kuanzia viatu, akasema labda nimesahau, kwa vile joto la pasi huchosha kichwa. Watu wakacheka. Haki ya nani, sijui nilijizuiaje.

Kisha wakaanza kukumbushana. Mwalimu mmoja alisema akiwauliza wanafunzi wake kama wamemaliza zoezi, darasa zima linavuta "Baaado" kama pale ukumbini, na hajapata moyo wa kuwakanya. Muuguzi akasema yeye huwauliza wagonjwa waoga kama wako tayari. Wakiitikia na kucheka, mkono unalegea, sindano imeshaingia. Mzee mmoja akafuta macho, akasema mkewe alipokuwa mahututi alimuuliza kwa sauti ya yule shangazi kama anaondoka, naye akamjibu "Bado", na kweli akaishi mwaka mzima zaidi. Mimi nilipaswa kuguswa, na niliguswa, lakini nisikufiche, niliona wivu. Lile lilikuwa neno lako moja tu, lililokutoka bila kufikiri, nalo sasa liko mashuleni na hospitalini.

Na mimi je? Nguo za mchezo ule zimefuliwa dukani kwetu miaka yote. Ile kofia ndefu nyeupe ya Mwokaji nimeitia wanga kwa mikono hii, nimeinyoosha mkunjo kwa mkunjo kila wiki ili isimame wima kichwani mwake. Kwenye ile foleni hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, ile kofia husimama vizuri.

Mchezo ulianza. Mwokaji amezeeka, siku hizi akicheza anashika ukingo wa meza, lakini bado ana ile mbwembwe yake ya kuficha keki iliyokwisha kuiva ili shangazi azidi kurudi kuulizia. Tulicheka pale pale tunapocheka siku zote. Mara mbili nilikigeukia kiti chako nikakuta mkoba.

Ikafika mwisho. Unapajua: shangazi anauliza kwa mara ya mwisho, watu wanaitikia, anachoka kungoja, anajiingilia mwenyewe jikoni, anaikuta keki ya siku nyingi, anaelewa, wanacheza, pazia. Shangazi akauliza. Ukumbi ukanyamaza. Kila mtu alijua kwamba wakiitikia tu, mchezo umekwisha na haurudi tena. Hata Msusi, kule safu ya mbele, alikuwa amejifunika uso na kitambaa.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama halijui. Miaka yote hiyo, Kengele, sijawahi kuitikia. Ukumbi mzima ukipiga kelele, na wewe kando yangu ukipiga kuliko wote, mimi nilikuwa nachezesha midomo tu. Neno lilikuwa lako, nami sikutaka kuwa mwitikiaji wa mdogo wangu. Nilikuonea wivu mkubwa. Na hata ulipoolewa ukahama niliendelea kunyamaza, kwa mazoea ya kinyongo.

Jumapili nilifungua mdomo. Sijui nani aliufungua. "Baaado!" Peke yangu, ukumbi mzima.

Mwokaji akaacha kuigiza. Alitazama juu, akavua kofia, akasema sauti hiyo anaijua, ndiyo iliyomwokoa siku ile alipopotewa na maneno, na miaka yote amekuwa akitamani kumshukuru mwenyewe. Akaniomba nishuke. Makofi hayo! Nilishuka, nikapanda jukwaani, akaniwekea kofia mikononi. Na makofi niliyapokea, nisikudanganye. Niliyapokea yote, nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Ningenyamaza, nani angejua? Sauti zetu mama mwenyewe huzichanganya akiwa jikoni. Msusi alikuwa amebaki mdomo wazi, na utamu wa kumwona vile sitausahau.

Kisha nikasema. Nilimwambia Mwokaji kwamba sauti ile ya zamani si yangu, ni ya mdogo wangu, na leo hayupo. Usidhani ni wema. Nilikuwa nimeishika ile kofia, natafuta mtu wa kumringia, nikatazama juu kwenye viti vyetu. Mtu niliyetaka anione pale, roho imuume hata kidogo tu, ni wewe, na wewe ulikuwa umekaa na wifi yako.

Mwokaji akauliza, basi mimi ni nani. Nikamjibu mimi ndiye dobi wa kofia yake. Alicheka, akasema kumbe ndiye mimi ninayeitia wanga mpaka inamkwaruza paji la uso. Hizo ndizo shukrani zangu. Akasema kofia nikupelekee.

Iko hapa, juu ya kabati, mama anaipangusa vumbi kila siku. Posta siipeleki, wataikunja, na mimi sikuinyoosha miaka yote hiyo ili karani aikalie. Inatoka mkononi mwangu kwenda kichwani mwako, hapa hapa nyumbani.

Msalimie sana shemeji. Mtoto mwambie mama mkubwa wake anayataka hayo meno ayaone. Wifi yako naye msalimie, ila kidogo.

Mama anauliza unakuja lini, na safari hii nauliza na mimi. Nijibu neno lolote utakalo, Kengele, ila lile usinijibu.

Dada yako, uliyempa jina mwenyewe,

Pasi Moto