Toa Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe, wifi na watoto. Natumai baridi ya huko haijakurudishia kile kikohozi. Sisi tu wazima. Goti linamsumbua Mama, ila ulimi uko palepale: jana aliponiona nimejaa grisi aliniuliza kati yangu na mashine nani anakunywa mafuta mengi.

Tangu tumzike Baba karakana ilikuwa imefungwa. Juzi Mama akanipa ufunguo, akasema vyombo havijui msiba, vinajua kutu tu. Basi napanga. Tupa nimezitenga, visu vya kukerezea viko kwenye boksi lao, jiriwa ya kubania vyuma nimeipaka grisi. Fundi jirani alikuja kuulizia mashine ya kukereza kabla hata sijafagia. Nikamwambia angoje, wenyewe tuko wawili.

Kwenye droo ya chini nimeikuta ile maikromita ya Baba ya kupimia unene wa vyuma. Ndiyo, ile iliyoanguka ikawa inapima vibaya, shafti ya pampu ikatoka nyembamba, na Baba akakushika wewe kwa kuwa ndiye uliyefunga karakana jana yake. Ulipokana akasema, “Anayedanganya kipimo atamdanganya na mtu.” Ukafungasha. Huu mwaka wa kumi na moja.

Kumbe hakuitupa. Ilikuwa kwenye kitambaa chenye mafuta, pamoja na kikaratasi cha mwandiko wake: “Inazidisha alama mbili. Toa mbili.” Miaka yote hiyo nilimwona akipimia, nikadhani amenunua nyingine.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Baba alilijua kosa la chombo hadi alama ya mwisho, la mtu akalikosea. Kaka, niliiangusha mimi. Iliniponyoka asubuhi ile kabla hujafika, nikaifuta vumbi, nikairudisha mahali pake. Ulipoitwa mwongo nilikuwa nimesimama palepale, tupa mkononi. Niliogopa. Kisha nikapewa nafasi yako kwenye mashine, nikaizoea. Baba amekufa sijamwambia. Mama nimemwambia leo. Akaniletea kalamu.

Sitaki unisamehe kwa barua. Maikromita nimeifunga upya na kikaratasi chake, na hakuna kitakachogawanywa mpaka uje mwenyewe. Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi dada yako, uliyeniita Cherehani kwa mdomo wangu usiotulia. Mdomo huo ulitulia siku moja tu, ile uliyouhitaji.